Foé: Mwamba aliyeanguka bila kuguswa

SHABIKI yeyote aliyewahi kwenda Manungu kuitazama timu yake ikikipiga na Mtibwa Sugar anaijua Magole. Ukitoka Morogoro kwa barabara ya Dodoma, ukifika maeneo ya Dumila na Magole ndipo unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Turiani. Jioni mpira unapigwa pale kama unavyopigwa kila kijiji cha Kilosa. Kuna ligi ya kata, kuna bonanza, kuna Kombe la Mbuzi. Vijana wanakimbia kwelikweli, mashabiki wamezunguka uwanja na bodaboda zimepaki nyuma ya goli.

Sasa chukulia kiungo wa timu moja, pande la mtu, anaanguka katikati ya uwanja. Hajaguswa na yeyote na mpira uko upande wa pili. Nani pale anajua cha kufanya ndani ya dakika moja?

Soka la Afrika liliulizwa swali hilo mbele ya dunia nzima mwaka 2003. Aliyeanguka siku hiyo hakuwa kijana wa mchangani. Alikuwa Marc-Vivien Foé, bingwa wa Afrika mara mbili na bingwa wa Ufaransa mara mbili, mtu ambaye hakuna aliyemdhania kuwa ana tatizo lolote mwilini. Vijana wengi wanaocheza leo walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Ndiyo maana maisha yake yanastahili kusimuliwa upya.

KUTOKA YAOUNDÉ HADI MAREKANI

Foé alizaliwa Mei 1, 1975 jijini Yaoundé, Cameroon. Alipita Union Garoua akiwa kinda, kisha akatua Canon Yaoundé, moja ya klabu zenye jina kubwa nchini mwake, na mwaka 1993 akabeba nayo Kombe la Cameroon. Mwaka huohuo alikuwa kwenye kikosi cha vijana cha Cameroon kilichokwenda Australia kwenye Kombe la Dunia la vijana, na kabla mwaka haujaisha akaitwa timu ya wakubwa.

Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani lilimkuta akiwa na miaka 19 tu. Pamoja na udogo huo alianza mechi zote tatu za kundi. Kwa Cameroon haukuwa msimu mzuri: walitoka sare ya 2-2 na Sweden, wakafungwa 3-0 na Brazil, kisha Urusi ikawapiga 6-1. Timu ikarudi nyumbani imenyong'onyea, lakini mawakala walikuwa wameshamwona kijana mrefu wa katikati aliyekuwa anakaba na kupasia bila papara.

RC Lens ya Ufaransa ikamchukua mwaka huohuo. Lens ni mji wa wachimba makaa ya mawe, na mashabiki wake wanampenda mchezaji anayetoa jasho. Foé akawa mtu wao. Hakuwa fundi wa chenga wala mtu wa mbwembwe. Kazi yake ilikuwa kusafisha, kuziba mashimo, kuokota mipira ya pili na kumpa mwenzake aliye huru. Leo tungemwita namba sita halisi.

Mei 1998 Lens walitwaa ubingwa wa Ufaransa. Walimaliza wakiwa sawa kwa pointi na Metz na kuwazidi kwa tofauti ya mabao. Mpaka leo huo ndio ubingwa pekee wa ligi ambao Lens wameupata, na Foé alikuwa ndani.

MGUU ULIVUNJIKA, NDOTO IKAAHIRISHWA

Baada ya ubingwa ule Manchester United walimtaka. Lens wakaikataa ofa ya kwanza, mazungumzo yakiwa bado yanaendelea Foé akavunjika mguu kambini Cameroon ikijiandaa na Kombe la Dunia la 1998. Kwa mkupuo mmoja akakosa Kombe la Dunia lililochezwa kwenye nchi aliyokuwa anaishi, na safari ya Old Trafford ikafa.

Wapo wachezaji wanaoishia hapo. Yeye alipona, akarudi, na Januari 1999 West Ham ya Harry Redknapp ikamnunua kwa pauni milioni 4.2, rekodi ya klabu hiyo kwa wakati ule. Mei 2000 akarudi Ufaransa, safari hii Lyon. Huko malaria ikamlaza na kumweka nje kwa muda, ugonjwa ambao msomaji wa Kilosa hahitaji kuelezwa unavyomaliza nguvu. Akapona tena. Mwaka 2001 akabeba Kombe la Ligi.

Mei 4, 2002 ikaja siku ambayo Lyon hawaisahau. Mechi ya mwisho wa msimu, uwanja wa Gerland, wapinzani ni Lens, klabu yake ya zamani. Anayeshinda anachukua ubingwa. Lyon wakashinda 3-1 na kuwa mabingwa wa Ufaransa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kwa hiyo Foé alikuwepo kwenye ubingwa wa kwanza wa Lens na pia kwenye ubingwa wa kwanza wa Lyon. Shika jina la uwanja huo, Gerland, maana tutarudi hapo.

Kwa upande wa taifa, hicho ndicho kilikuwa kizazi cha Rigobert Song, Patrick Mboma, Geremi, Lauren na kijana Samuel Eto'o. Mwaka 2000 walikwenda Lagos wakaichapa Nigeria kwa penalti kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwaka 2002 huko Bamako, Mali, wakaifunga Senegal, nayo kwa penalti. Foé alikuwa nguzo ya katikati.

MSIMU WA MANCHESTER

Msimu wa 2002/03 Lyon walimtoa kwa mkopo Manchester City. City ya wakati ule si hii ya mabilioni. Ilikuwa imetoka kupanda daraja, kocha ni Kevin Keegan, na uwanja ni Maine Road uliokuwa unaishi msimu wake wa mwisho kabla ya klabu kuhama. Foé alianza mechi 35 za ligi na kufunga mabao 9, idadi kubwa kwa kiungo mkabaji. City ikamaliza nafasi ya tisa.

Aprili 21, 2003 City waliifunga Sunderland 3-0, Foé akifunga mawili. Mechi zilizobaki Maine Road City hawakuona tena nyavu. Hivyo bao lake la pili siku hiyo likawa bao la mwisho la City kwenye uwanja huo, ambao walikuwa wameutumia tangu 1923.

Ndani ya miezi hiyo alikuwa anafanya jambo lingine nyumbani. Alikuwa anajenga kituo cha soka cha vijana jijini Yaoundé kwa fedha zake. Alikuwa na mke na watoto. Alikuwa na miaka 28.

DAKIKA YA 72

Juni 2003 Cameroon walikwenda Ufaransa kwenye Kombe la Mabara. Wakaanza kwa kishindo, wakaifunga Brazil bao 1-0 kwa goli la Eto'o. Wakaifunga na Uturuki 1-0. Mechi ya tatu na Marekani, iliyoisha bila bao, Foé akapumzishwa.

Nusu fainali ikapangwa Juni 26 dhidi ya Colombia. Uwanja? Gerland, Lyon. Palepale alipovaa medali ya ubingwa mwaka mmoja nyuma. Pius Ndiefi akaifungia Cameroon mapema, dakika ya tisa, na mechi ikaenda hivyo.

Dakika ya 72 Foé akaanguka kwenye duara la katikati. Hakuna aliyemgonga. Hakuna aliyekuwa karibu yake. Mpira ulikuwa kwingine. Wachezaji wa timu zote mbili wakakimbilia, waganga wakaingia, wakahangaika naye, kisha akatolewa kwa machela huku macho yake yakiwa hayaoni kitu. Nje ya uwanja alipuliziwa hewa mdomoni na kupewa oksijeni. Kwa dakika 45 madaktari walijaribu kuurudisha moyo wake. Haikuwezekana.

Mechi ilikuwa imeendelea. Cameroon walishinda 1-0 na kuingia fainali, halafu ndipo wachezaji wakapewa habari. Furaha ikageuka msiba palepale kwenye vyumba vya kubadilishia nguo.

Juni 29 fainali ilichezwa nje kidogo ya Paris. Ufaransa walishinda kwa bao la dhahabu la Thierry Henry, lakini kombe lile hakuna aliyelishangilia. Marcel Desailly wa Ufaransa na Rigobert Song wa Cameroon walilishika pamoja, pembeni ikiwepo picha kubwa ya Foé. Mwezi Julai akazikwa Cameroon kwa heshima za kitaifa. Manchester City wakaistaafisha jezi namba 23 aliyokuwa anaivaa. Leo tuzo ya mchezaji bora wa Kiafrika kwenye ligi ya Ufaransa ina jina lake.

KILICHOMUUA

Uchunguzi wa kwanza wa mwili haukutoa jibu. Wa pili ukatoa: misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi. Ni hitilafu ambayo mara nyingi hurithiwa ndani ya familia. Mtu anaweza kuzaliwa nayo, akakua nayo na kucheza nayo miaka kumi bila dalili yoyote ya kumshtua.

Hapa tuelewane kidogo, maana mtaani vitu viwili vinachanganywa. Shambulio la moyo ni mshipa unaopeleka damu kwenye misuli ya moyo kuziba. Mgonjwa mara nyingi anasikia maumivu kifuani na bado anaongea. Moyo kusimama ghafla ni kitu kingine. Moyo unaendeshwa na umeme wake wenyewe, na umeme huo ukivurugika, moyo unatetemeka tu badala ya kusukuma damu. Ubongo unakosa damu, na ndani ya sekunde chache mtu anadondoka kama mti. Shambulio linaweza kusababisha moyo kusimama, lakini si lazima moja litangulie jingine.

Kwa wachezaji vijana, chanzo mara nyingi ni hitilafu za kuzaliwa nazo: misuli minene kama ya Foé, mishipa ya moyo iliyopita njia isiyo yake, au kasoro kwenye umeme wa moyo. Wengine moyo umeshambuliwa na virusi, ndiyo maana kucheza ukiwa na homa si ushujaa. Hata pigo kali la mpira au kiwiko kifuani, likitua wakati mbaya, linaweza kuuvuruga moyo mzima usio na tatizo. Kwa wale wa timu za maveterani, waliovuka miaka 35, adui mkubwa ni mishipa kuziba, hasa mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara.

Nigeria walishaonja msiba huu kabla. Agosti 12, 1989 Samuel Okwaraji alianguka jijini Lagos akiichezea nchi yake dhidi ya Angola na kufariki. Na hapa kwetu, mashabiki wa zamani wa Simba wanalijua jina la Hussein Tindwa, aliyeanguka mwaka 1979 Simba ikicheza na Racca Rovers ya Nigeria, kwenye Uwanja wa Taifa wa zamani ambao leo ni Uhuru. Desemba 2016 kijana wa timu ya vijana ya Mbao alianguka Kaitaba, Bukoba, baada ya kugongana na mpinzani, naye hakuamka.

Kila inapotokea, vijiweni kunasemwa mengi. Wapo wanaoitaja kamati ya ufundi ya wapinzani. Kwa maneno hayo familia inabaki na chuki, na mdogo wake marehemu, ambaye huenda ana moyo wa aina ileile, anaendelea kucheza bila kupimwa.

DUNIA ILIVYOJIFUNZA

Kifo cha Foé kiliitikisa FIFA. Kuanzia Kombe la Dunia la 2006 timu zikatakiwa kuwapima wachezaji wao afya, moyo ukiwemo, kabla ya mashindano. Mwaka 2013 FIFA ikazigawia nchi wanachama mabegi ya dharura yenye mashine ndogo ya kushtua moyo, ile inayopiga umeme kifuani ili moyo urudi kwenye mpigo wake.

Matunda yakaonekana. Machi 17, 2012 Fabrice Muamba, kijana mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa anaichezea Bolton, alianguka bila kuguswa kwenye uwanja wa Tottenham. Waganga waliingia mara moja, na daktari bingwa wa moyo aliyekuwa jukwaani kama shabiki akashuka kusaidia. Moyo wa Muamba haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Soma tena namba hiyo. Lakini muda wote huo mikono haikuondoka kifuani kwake. Mpira aliuacha, ila yuko hai.

Juni 12, 2021 ikawa zamu ya Christian Eriksen wa Denmark, mechi na Finland jijini Copenhagen. Nahodha Simon Kjær alikuwa wa kwanza kumfikia, waganga wakaanza kubonyeza kifua, mashine ikamshtua palepale nyasini. Miezi minane baadaye Eriksen alikuwa anacheza Ligi Kuu England akiwa na Brentford, kifaa cha kulinda moyo kikiwa ndani ya kifua chake.

Bila kushtuliwa wala kubonyezwa kifua, kila dakika inayopita inapunguza nafasi ya mtu kupona kwa karibu asilimia 7 hadi 10. Baada ya dakika kumi kinachobaki ni kidogo sana.

SASA TURUDI MAGOLE

Magole hakuna uwanja wenye mashine hiyo, na kuifikia hospitali ya Kilosa mjini au ya rufaa ya mkoa pale Morogoro si safari ya dakika kumi. Kwa hiyo watu wa kwanza kuokoa ni walewale walio uwanjani: mwamuzi, kocha, beki wa timu pinzani, shabiki wa nyuma ya goli. Wanachohitaji ni mikono miwili na kujua haya.

Mchezaji akianguka bila kuguswa, chukulia moyo umesimama mpaka uthibitishe vinginevyo. Mtikise mabegani, mwite kwa sauti. Haitikii? Tazama kifua kama kinapanda na kushuka kawaida. Kuhema kwa kukoroma, mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Mwili kutetemeka kwa muda mfupi kusikufanye useme ni kifafa ukasubiri kipite. Angalia kama anapumua.

Kama hapumui vizuri, mmoja apige simu ya msaada na kutafuta gari, mwingine aanze kazi hapohapo. Mlaze chali penye ugumu. Piga magoti pembeni yake. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyoosha mikono na bonyeza kwa uzito wa mwili. Kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiachie kirudi. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kila sekunde. Aliyefundishwa kupuliza hewa mdomoni atabonyeza mara 30 na kupuliza 2. Ambaye hajafundishwa abonyeze tu bila kuacha. Kazi hii inachosha kuliko mazoezi ya kocha yeyote, kwa hiyo pokezaneni kila baada ya dakika mbili. Msiache mpaka ajitikise na kupumua, au mhudumu wa afya afike.

Msimmwagie maji. Msimtie kijiko mdomoni wala kupoteza muda kuvuta ulimi. Msimzunguke mkamnyima nafasi anayebonyeza. Na msimpakie mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mwenzake. Nia ni njema, lakini juu ya bodaboda hakuna anayeweza kubonyeza kifua, na kila kilomita mnayokwenda ubongo wake haupati damu. Likipatikana gari, alazwe chali na mtu aendelee kubonyeza njiani.

Kuogopa kumvunja mbavu ni kawaida. Mbavu zitaunga. Aliyesimama moyo ameshaanza kufa, huwezi kumfanya kuwa mbaya zaidi ya hapo.

Halafu kuna kazi ya kabla ya mechi. Mchezaji aliyewahi kuzimia akiwa anakimbia, anayesikia maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ovyo mazoezini, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana, asivae jezi kwanza. Aende hospitali apimwe umeme wa moyo na, ikibidi, apigwe picha ya moyo kwa kipimo cha ECHO. Mabingwa wapo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na daktari wa wilaya au mkoa ndiye wa kumpa rufaa.

Viongozi wa ligi za kata nao wana lao. Kila Kombe la Mbuzi lina kamati, na kamati hiyo hukusanya ada za timu kununua mbuzi, mpira na filimbi. Waongeze jambo moja lisilo na gharama kubwa: wamwombe mhudumu wa afya wa jirani awafundishe waamuzi na makocha wote kubonyeza kifua, nusu siku tu, kabla mechi ya kwanza haijapigwa. Namba yake ya simu na ya mwenye gari ziwe mfukoni mwa mwamuzi.

Foé alikuwa na mguu uliovunjika ukapona na malaria iliyomlaza akaishinda. Moyo wake ulipogoma hakuwa na namna ya kujisaidia, na hakuna binadamu aliye nayo. Akianguka kiungo wa Magole, atawategemea walio karibu naye.